Mistari ya Sisimizi

Taarifa za hitilafu zina ukoo mmoja: huanza kwa lawama, hupitia kwenye kejeli, na huishia kwa neno "tafadhali". Kufuli alikuwa amezisoma nyingi mno, hata aliweza kumjua mwandishi kwa mstari wa kwanza tu, kama mwalimu wa darasa la kwanza anavyomjua mtoto aliyekuja shule bila kunywa chai. Lakini ile ya asubuhi hiyo ilimshinda. Ilikuwa na sentensi moja tu: "Kihariri chenu kinakula wagonjwa wangu."

Akacheka. Alipojisikia akicheka alinyamaza upesi, akageukia mlango wa chumba cha mama yake kama mtu aliyefumaniwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani, redio ilikuwa inazungumza peke yake.

Tuseme kwanza kihariri ni nini, maana hata majirani walidhani dada huyu anashinda akicheza michezo ya kompyuta. Kihariri ni programu ya kuandikia, isiyo na mapambo, inayopendwa na watu wanaotaka maandishi yawatii. Ndani yake mna lugha ndogo ya amri. Ukiandika mistari michache ya lugha hiyo, yaani skripti, kihariri kinakufanyia yale yanayochosha: kupanga, kuchambua, kufuta, kuhesabu. Wanaokitengeneza ni watu wa kujitolea, wametawanyika huku na huko, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso, na wanajuana kwa majina ya utani. Anayetoa matoleo mapya huitwa Mkunga. Huyu dada, anayetunza lugha ya amri, walimwita Kufuli, kwa sababu hakuna badiliko lililopita mlangoni kwake kabla hajalipekua hadi soli za viatu. Na mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi kwenye meza hiyohiyo ya sebuleni, walimwita Sisimizi, kwa kupenda kwake kubeba vitu vidogo ambavyo wakubwa hawavioni. Sisimizi alizikwa kabla mvua hazijaanza. Sasa mvua zilikuwa zimekwisha, na kiti chake bado kilikuwa mezani. Hakuna aliyekikalia isipokuwa mama, tena Jumapili tu.

Kufuli alimjibu mwenye wagonjwa kama anavyowajibu wote. Toleo gani? Skripti ipi? Ulitarajia nini, ukapata nini? Akaongeza ombi lake la siku zote: nipunguzie hiyo skripti hadi ibaki ile mistari inayouma tu.

"Dada, mimi ni karani wa mapokezi hospitalini," jibu likaja. "Hayo ya kupunguza sijasomea. Lakini nipe muda kidogo."

Mchana alirudi, na maelezo yake yalikuwa yamenyooka. Kila asubuhi anapata orodha ya watu wa miadi. Skripti yake inaipitia kutoka juu hadi chini: aliyekwisha kuhudumiwa kule dharura inamwondoa, aliyebaki inamwandika kwenye karatasi ya kuita kwa kipaza sauti. Imefanya hivyo tangu aajiriwe. Kisha juzijuzi hospitali ikaletewa toleo jipya, na watu wakaanza kubaki kwenye benchi. Ili asitume majina ya wagonjwa, alikuwa ametumia vyombo vya jikoni: sufuria, kikombe, sahani, kijiko, bakuli. Kikombe amekwisha kuhudumiwa, basi skripti inamwondoa, sawa. Ila sahani naye haitwi.

"Na haisemi kitu," aliandika. "Hakuna onyo wala nini. Inamruka anayefuata na kuendelea kama vile hakuzaliwa. Watu wananiambia napendelea. Naomba mtazame, tafadhali."

Kufuli aliijaribu kwenye toleo la zamani, na vyombo vinne vikaitwa kama ilivyotakiwa. Kwenye toleo jipya vikaitwa vitatu: sufuria, kijiko, bakuli. Akarudia, akarudia tena, maana katika kazi hii mtu haamini macho yake mara ya kwanza. Sahani hakuonekana. Kosa la kitu kipya kabisa si neno, kila kipya kina utoto wake. Linalowauma mafundi hawa ni kosa la kitu kilichokuwa kizima jana, kikavunjwa na mikono ileile inayokitunza. Mvunja nchi ni mwananchi.

Njia ya kulisaka kosa la namna hiyo ni rahisi, na haina huruma. Unachukua badiliko la zamani unalojua lilikuwa zima, unachukua la leo lililo bovu, kisha unasimama katikati na kujaribu. Pazima? Basi kosa liko mbele. Pabovu? Liko nyuma. Unaikata tena katikati nusu iliyobaki, na tena, na tena, hadi linabaki badiliko moja tu ambalo kabla yake palikuwa pazima na baada yake pakaharibika. Hapo hakuna wa kubisha. Kufuli aliifanya kazi hiyo chai yake ikipoa pembeni, na nje mchomeleaji wa mtaa akigonga vyuma vyake vya madirisha. Kila alipokata alijikuta anausogelea mwezi ambao hakutaka kuurudia. Alipokata mara ya mwisho, jina lililotokea kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa Sisimizi.

Alikaa bila kugusa kibodi. Aliikumbuka siku yenyewe, hata shuka iliyokuwa kitandani.

Sisimizi alikuwa chumba cha nyuma, mto magotini na kompyuta juu ya mto, mikono imebaki mifupa, kichwa kizima. Kitanzi cha lugha ya amri, yaani ile sehemu inayopitia orodha kitu kimoja baada ya kingine, kilikuwa kizito, naye alikuwa amegundua namna ya kukifanya chepesi. Zamani kitanzi kilisimama kila hatua na kuuliza: nani amebaki? Sisimizi alikifanya kihesabu mara moja tu mwanzoni, kisha kikimbie. Na kweli kilikimbia. Watu waliandika kutoka kila upande kusema kazi iliyokuwa ikiwasubirisha hadi wanasinzia sasa inakwisha kabla hawajakaa vizuri kitini.

Wale watu wa kihariri walikuwa na sheria moja, na Kufuli ndiye aliyeitunga: hakuna badiliko bila jaribio lake, yaani mistari mifupi ya kuthibitisha kwamba kilichokuwa kinafanya kazi bado kinafanya. Mtu akileta kazi bila jaribio, awe nani, wote humwimbia kwa pamoja: "Jaribio liko wapi?" Mkunga mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni kwa wimbo huo, akanuna wiki nzima. Siku ile Sisimizi hakuleta jaribio. Pengine hakuwa na nguvu za kuliandika. Na hakuna aliyeuliza. Mkunga aliandika, "Safi sana, kijana wangu." Wengine wakafuata na pongezi zao. Kufuli, pale sebuleni, akafungua mlango, badiliko likapita.

"Dada!" Sisimizi aliita kupitia ukutani. "Imepita?"

"Imepita."

"Bila maswali? Leo Kufuli ameamkaje?"

"Nyamaza kabla sijabadili mawazo."

Alicheka, akakohoa, kisha akanyamaza kimya kirefu. Baadaye sana ndipo Kufuli alipojiuliza kama ule ukarimu wao ndio uliomwambia mdogo wake kile ambacho daktari alikuwa anakizungukazunguka. Mtu aliyezoea kugombezwa, siku akisifiwa na kila mmoja bila kuulizwa swali, anajua kuna jambo. Wazo hilo lilimchoma Kufuli kila lilipomjia, na sasa lilimjia tena.

Lakini si hilo lililomfanya akae vile mikono mapajani. Alikuwa anaifikiria Jumapili.

Baada ya maziko mama alikataa kula, akakataa kulala kitandani, akakataa kuzungumza na wageni. Kufuli, kwa kukosa la kufanya, Jumapili moja alimkalisha kwenye kile kiti na kumfungulia msimbo wa kihariri, yaani yale maandishi yenyewe yanayokifanya kiwe kihariri. Kuna namna ya kuuonyesha ili pembeni mwa kila mstari litokee jina la mtu wa mwisho kuuandika. Mistari mingi aliyoiandika Sisimizi katika uhai wake ilikwisha kupitiwa na wengine, maana mstari ukiguswa na mtu mwingine huchukua jina la huyo mwingine. Iliyobaki na jina lake ilikuwa ile ya kitanzi tu, kifungu kidogo kisichozidi nusu ukurasa.

Mama hakuelewa hata neno moja la lugha ile. Alichokijua ni jina. Alisogeza miwani, akaweka kidole kwenye kioo, akasema, "Hujambo, baba."

Tangu hapo ikawa hivyo kila Jumapili.

"Wanamtumia leo?" mama huuliza.

"Wanamtumia, mama."

"Hata sasa hivi?"

"Hata sasa hivi. Kila skripti yenye kitanzi inapitia hapo."

Mama huridhika, akainuka, akaenda kula. Majirani walipompa pole aliwajibu, "Mwanangu bado anafanya kazi," nao wakatazamana wakameza maneno yao. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nani angembishia? Akishainuka pale kitini mama hupita nyuma ya Kufuli kama anavyopita nyuma ya kabati, asimguse bega, asimuulize kama naye amekula. Kufuli hakulalamika. Aliona kwamba mfiwa ana haki zake, akasahau kwamba hata yeye ni mfiwa.

Kanuni ya pili ya mafundi hawa ilijulikana kwa wote: kilichokuwa kizima kikivunjika, kwanza tengua, hoja baadaye. Kutengua maana yake ni kuliondoa badiliko baya na kurudisha palipokuwa pazima. Na kutengua badiliko hili maana yake ni kwamba Jumapili mama atakaa kitini, atasogeza miwani, ataweka kidole kwenye kioo, na hatamkuta mwanawe.

Mkunga alipiga simu siku iliyofuata. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.

"Nimeona ulichokipata, Kufuli. Pole sana."

"Kanuni inasema nitengue."

"Kanuni tulitunga sisi, haikuteremka kutoka juu. Tulia kwanza. Angalia kama unaweza kuziba bila kuondoa. Hakuna atakayekudai."

"Karani anadai."

"Karani ni mmoja," alisema Mkunga. "Sisi wote tulimpenda yule kijana."

Kufuli alimshukuru, na akaona haya kwa jinsi alivyomshukuru kwa moyo wote.

Basi akaanza kuziba. Aliiacha mistari ya Sisimizi kama ilivyo na kupachika yake chini: ikiwa mtu ameondolewa, rudi nyuma hatua moja. Akamtumia karani nakala ya majaribio. Mashine za hospitalini hazikuwa za karani kuzichezea. Zilipokea matoleo rasmi tu, wala hazikuruhusu kurudi kwenye toleo la zamani. Kwa hiyo aliijaribu kwenye kompyuta yake ya nyumbani, akajibu kwa adabu zake zote: "Dada, akiondolewa mmoja sasa ni safi. Wakiondolewa wawili wanaofuatana, anarukwa wa tatu." Kufuli akapachika tena. Sasa wawili wakawa sawa, lakini akiondolewa wa mwisho kihariri kinaganda. Akapachika tena. Siku zikapita, kiraka juu ya kiraka, hadi kitanzi kikawa kizito kuliko kilivyokuwa kabla Sisimizi hajakigusa, na bado kilikuwa kinaruka mtu hapa na pale.

Alijua tangu kiraka cha pili. Fundi mzuri hujua, hata akijifanya hajui. Wepesi wote wa mistari ile ulitoka kwenye kule kuhesabu mara moja tu na kutouliza tena. Hapakuwa na namna ya kuulinda wepesi na kuondoa kosa, kwa sababu vyote viwili vilikuwa kitu kimoja. Angekuwa mtu mwingine ameleta viraka vile mlangoni kwake, angemrudisha navyo kabla hajapiga hodi.

Jumapili hiyo mama alikuja, akasema, "Hujambo, baba," akauliza kama wanamtumia. Kufuli akasema wanamtumia. Lilikuwa kweli, na safari hii aliona haya kulisema.

Kisha karani akapiga simu.

"Samahani dada, namba nimeiona kwenye ukurasa wenu. Sikupigii kukugombeza."

"Sema tu, kaka."

"Kuna mzee mmoja alikuja kwa sindano yake. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Mimi naita kwa ile karatasi. Siku hizi nakagua na kwa macho, lakini foleni ikiwa ndefu, macho nayo yanaruka. Akakaa. Wenzake wakaitwa, wakaisha. Wafagizi wakaanza kupiga deki, akawa anainua miguu ili wapite. Nimekuja kushtuka yuko nje anaondoka. Nikamkimbilia hadi getini, sikumpata."

"Hakuja kuuliza dirishani?"

"Hakuja. Unajua, wapo wanaokuja kunitukana, hao nawapenda, maana kosa langu naliona palepale. Hawa wasiosema ndio wananimaliza. Wanadhani wakirukwa basi wamepangiwa hivyo."

"Amerudi?"

"Bado, dada."

Kwenye simu ilisikika sauti ya mtoto akilia na mwanamke akimbembeleza, na kiti kikiburutwa sakafuni.

"Sasa ugumu uko wapi?" karani aliuliza. "Sikulaumu, nataka kuelewa. Maana zamani si ilikuwa inafanya kazi?"

"Sehemu hiyo aliiandika mdogo wangu," Kufuli akasema. "Amefariki. Ndiyo kazi yake ya mwisho. Kuirekebisha ni kuitoa."

"Lo! Pole sana, dada. Pole sana." Karani alivuta pumzi. "Basi usijali. Acha tu. Mimi nitaendelea kukagua kwa macho, nitajitahidi."

Hapo ndipo Kufuli alipopandwa na hasira, na haikuwa kwa karani. Wote walikuwa wanafanya lilelile. Walimwonea huruma Sisimizi, hawakumuuliza, kosa likapita mlango ulio wazi. Sasa walikuwa wanamwonea huruma yeye, na mzee wa watu anainua miguu deki ipite.

"Usiache," alisema, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia. "Niulize lini."

"Dada, si lazima..."

"Niulize, kaka. Niulize lini."

"Haya. Lini?"

"Kesho."

Alianza kwa kuandika jaribio. Aliviweka vyombo vya karani kama vilivyo: sufuria, kikombe, sahani, kijiko, bakuli. Akaandika kwamba kikombe akiondolewa, sahani lazima aitwe. Akaliendesha kwenye mistari ya Sisimizi, likashindwa, kama ilivyotakiwa lishindwe. Kisha akaichagua ile mistari, kuanzia wa juu hadi wa chini. Kidole kilikaa juu ya kibodi muda mrefu. Mdogo wake alikuwa na tabia ya kuandika utani katika maelezo ya pembeni ya msimbo, na katikati ya kifungu kile palikuwa na mstari usio amri: "Hapa usisimame, kimbia!" Kufuli aliusoma, akausoma tena kwa sauti ya chini, akaifuta mistari yote.

Aliandika kitanzi upya, kile cha zamani kinachosimama kila hatua na kuuliza nani amebaki. Aliendesha jaribio, likapita. Mwisho aliandika maelezo yanayoambatana na kila badiliko: "Natengua badiliko la Sisimizi. Linamruka anayefuata. Lawama si yake. Hatukumuuliza jaribio liko wapi, na tulipaswa kumuuliza." Mkunga alitoa toleo la dharura siku hiyohiyo, akampigia Kufuli simu, na mzee mzima akashindwa kusema, akakata.

Jumamosi Kufuli alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake. Mama alikuwa anakunja nguo kitandani.

"Mama, kesho hutamkuta."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Ile mistari yake ilikuwa na kosa. Nimeitoa."

Mama alimaliza kukunja shati aliloshika, akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha kola.

"Kosa gani?"

"Ilikuwa inaruka watu. Kuna hospitali wanaitumia kuitia wagonjwa, na wengine walikuwa hawaitwi."

"Mwanangu hakumruka mtu."

"Hakukusudia, mama. Alikuwa anaumwa. Sisi ndio hatukuangalia."

"Wangapi wamelalamika?"

"Mmoja."

"Kwa ajili ya mmoja umemfuta mwanangu."

"Hajafutika. Kila badiliko linahifadhiwa, yumo kwenye historia, naweza kukuonyesha sasa hivi..."

"Historia," mama alisema. "Mtu akiwa kwenye historia si ndiyo kusema hayupo? Huyu alikuwepo. Wewe mwenyewe uliniambia anafanya kazi."

Ni kweli alimwambia.

"Toka," mama alisema. "Na mlango ufunge."

Jumapili kiti kilikaa kitupu. Kufuli alikuwa mezani tangu asubuhi, amevaa vizuri kama mtu anayetarajia wageni, akisikiliza redio ya chumbani ikipandishwa sauti kila alipopita karibu na mlango. Juma zima mama alipika, akafunika chakula mezani, akala chake chumbani. Karani aliandika: "Wanaitwa wote, dada. Hata sahani. Yule mzee hajarudi bado. Nimempa jina lake muuguzi anayezungukia majumbani, ameahidi kumtafuta." Kufuli alimjibu asante, ajulishwe akipatikana. Hakuna habari iliyokuja.

Jumapili iliyofuata mlango ulifunguliwa. Mama alitoka na miwani mkononi, akavuta kiti, akakaa.

"Nionyeshe."

"Mama, nilikwambia..."

"Najua ulichoniambia, bado sijachanganyikiwa. Nionyeshe palipokuwa pake."

Kufuli alifungua msimbo, akateremka hadi kwenye kitanzi. Mama aliweka kidole kwenye kioo.

"Hapa?"

"Chini kidogo. Hapo."

"Pana jina la nani sasa?"

"Langu. Kufuli ni mimi, mama. Ndivyo wanavyoniita."

"Na hapa juu?"

"Langu."

"Panda juu tena."

Kufuli alipandisha ukurasa. "Langu. Huo mmoja wa Mkunga. Langu. Haya yote yangu." Ukurasa uliendelea kupanda, na jina lilikuwa lilelile mstari kwa mstari. Jumapili zote zile lilikuwa hapo, juu na chini ya kifungu cha Sisimizi, na mama hakuwahi kuuliza ni la nani.

"Umeyaandika lini yote haya?"

"Miaka, mama. Hapahapa mezani."

Mama alivua miwani akaifuta kwa pindo la nguo yake. Alipoivaa tena hakurudi kwenye kioo. Alimgeukia Kufuli, akamtazama uso, akamtazama shingo, akashuka hadi kwenye mikono iliyokuwa juu ya kibodi. Akauinua mkono mmoja, akauzungushia vidole kwenye kifundo, na vidole vyake vikapitana.

"Umekonda," alisema. "Mwanangu, umekonda hivi tangu lini?"

Kufuli alitaka kusema hajakonda, ni nguo tu inapwaya. Badala yake kilio kilichokuwa kimemkwama tangu siku ya maziko kikamtoka, kwa sauti, kama mtoto, na mama hakumnyamazisha. Alikaa naye hapo akilia kilio chake, ameushika ule mkono.